Fomu ya Ndugu Lumadede

Fomu imetoka ofisi ya kanda, kurasa mbili,
na mwisho wa kuirudisha ni Ijumaa saa kumi na moja.
Tuzo ya Utumishi, imeandikwa juu kwa wino wa buluu,
na chini yake: jina kamili la anayependekezwa.

Nikaandika Jotham Lumadede. Hapo sikukwama.

Cheo kanisani.
Hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kuchemsha chai.
Si mchungaji. Si shemasi. Mara tatu tulimchagua,
mara tatu akasimama kule nyuma karibu na mlango:
"Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni mtu wa mitungi."
Watu wakacheka, tukachagua mwingine mwenye koti.

Wa kanda wanajua kwamba hatunyunyizi,
tunazamisha, mwili mzima hadi utosi.
Wasichojua ni maji hutoka wapi
huku Kayole, ambako bomba huguna Jumanne,
hukohoa Jumatano,
kisha hunyamaza kama mtu mwenye deni.

Kisima chetu kiko chini ya mbao za mimbari.
Kinameza mitungi mia moja na kumi.
Nilihesabu mwenyewe, mwaka ule wa kiangazi,
mtungi shilingi ishirini kwa Mama Nduku,
ambaye hakopeshi hata malaika.
Lumadede alikopeshwa.

Kazi ya anayependekezwa: mlinzi wa usiku,
kiwanda cha magodoro, Eneo la Viwanda.
Anakesha akilinda usingizi wa watu wengine,
anatoka saa kumi na mbili asubuhi,
na ikiwa ni Jumamosi ya ubatizo
haendi kulala, anakwenda kuazima mkokoteni.

Mafanikio (maneno yasizidi mia moja).

Nianzie wapi? Kwa Bibi Kavindu,
aliyeokoka akiwa na miaka themanini na mmoja,
mwezi wa Julai, baridi ikiuma masikio?
Mchungaji alisema tungoje Septemba.
Bibi akasema, Septemba ni ya nani?
Lumadede akaja na sufuria tatu na makaa yake,
akachochea tangu saa tisa usiku,
hata maji yakawa vuguvugu,
kama ya kumwogesha mtoto wa siku saba.
Bibi alizama, akaibuka, hakupiga hata chafya.

Au niandike juu ya Rispa.
Alhamisi tulimzika mkewe kule Vihiga, mvua ikinyesha.
Tulimwacha amekaa na shemeji zake, hasemi.
Jumapili tukafungua kanisa, tukainua zile mbao,
maji yamefika kwenye alama.
Hakuna aliyemuuliza. Tuliimba, tukabatiza wanne.
Hilo nimelifuta mara mbili. Maneno yalizidi mia.

Jana nikaenda kumtafuta, maana wanataka sahihi yake.
Nilimkuta ndani ya kisima kikavu, suruali imekunjwa,
anasugua ukuvu kwa brashi iliyobaki nywele chache.
Akaipokea fomu kwa mikono yenye maji,
akaisoma polepole, midomo ikicheza,
akafika penye jina lake, akarudi juu, akasoma tena.

"Dada Felista," akasema,
"mkono wa kushoto utafanyaje sasa, ukishasomewa haya yote?"
Sikuwa na jibu. Mimi ni katibu tu.

Akageuza ukurasa.
"Hapa penye Maelezo Mengine hujajaza.
Waandikie koki ya chini inavuja.
Usiku mmoja tunapoteza mitungi minne.
Mimi magoti yameanza kulalamika."
Akanirudishia karatasi, akainama, akaendelea kusugua.

Sahihi hakutia. Ila pale penye mstari wa sahihi
pana kidole gumba chake, kimelowa,
na wino wangu umesambaa kukizunguka.

Nimeandika: koki ya kisima inavuja, tafadhali.
Nimeipeleka hivyo hivyo, kabla ya saa kumi na moja.